Mianzi ya Nyandarua na Maji ya Mito

Mtu apandaye milima ya Nyandarua, katika nchi ya Kenya, akifika kimo cha futi 8,000 hivi, huona msitu umebadilika. Miti mikubwa hupungua, na mahali pake husimama mianzi, imesongamana hata jua halipenyi ila kidogo. Huko hutoka mito mingi, na kwa ajili ya maji yake palizuka swali kubwa.

Mwanzi si mti. Ni wa jamaa ya majani, ndugu wa muwa na mtama. Mashina yake ya chini ya udongo hutambaa na kufungamana kama wavu, yakaushika udongo usichukuliwe na mvua. Chipukizi lake humaliza urefu wote kwa miezi michache, kisha hukaa miaka likikomaa.

Wakikuyu tangu zamani waliikata mianzi kwa kujengea. Lakini wakuu wa misitu wa serikali ya kikoloni walitaka mbao, wakaazimu kuifyeka na kupanda misonobari kutoka Mexico. Ndipo watu wakauliza: Je, miti hii migeni haitakausha mito?

Basi katika miaka ya 1950 wataalamu walichagua mabonde yaliyo jirani huko Kimakia. Moja waliliacha na mianzi yake. Jingine walilifyeka wakapanda misonobari, na wakulima wakapanda mboga kati ya miche. Mvua ikapimwa, na maji ya kila kijito yakapimwa, mwaka baada ya mwaka.

Mwenye haraka angalikosea. Miaka ya kwanza kijito cha bonde lililofyekwa kilitoa maji mengi zaidi, kwa maana miche midogo hunywa kidogo. Lakini misonobari ilipokua hata matawi yakakutana, maji yalipungua yakawa karibu sawa na yale ya bonde la mianzi.

Hivyo mti mgeni haukuonekana kuwa mwizi wa maji, wala mianzi haikuonekana kuwa ya bure. Tofauti iko katika kuvuna. Shamba la misonobari likikatwa lote, udongo hubaki wazi mpaka miche mingine ikue. Mianzi iliyokomaa ikichaguliwa na kukatwa mmoja mmoja, mashina ya chini huishi na kuchipua tena, na udongo haukosi kifuniko.

Jambo hili si la watu wa mlimani tu. Bwawa la Sasumua, lililojengwa mwaka 1956, hupeleka Nairobi maji yatokayo katika milima hiyo. Ashikaye panga huko juu ameshika pia mtungi wa mtu wa mbali asiyemjua. Basi yafaa apime kwanza, ndipo akate.