Radiokemia

Radiokemia ni tawi la kemia linaloshughulikia elementi nururifu: namna ya kuzitenganisha, kuzipima na kuzitumia kufuatilia mwenendo wa vitu vingine.

Historia

Msingi uliwekwa Paris mwaka 1898, Marie na Pierre Curie walipogundua poloniamu na radiamu. Kazi ya kutenganisha radiamu ilikuwa ya sulubu: kufikia 1902, tani kadhaa za mabaki ya madini ya uraniamu zilikuwa zimetoa takriban gramu 0.1 tu ya kloridi yake.

George de Hevesy, mzaliwa wa Budapest, ndiye mwasisi wa ufuatiliaji kwa isotopi. Husimuliwa kwamba alipokuwa akipanga chumba Manchester alimshuku mwenye nyumba kuwa anawalisha wapangaji viporo. Akatia chembe nururifu katika masalio ya chakula chake. Siku chache baadaye kipimo kikaonyesha mionzi kwenye mlo ulioletwa mezani. Alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943.

Desemba 1938, Otto Hahn na Fritz Strassmann walikuta bariamu katika uraniamu iliyopigwa kwa nyutroni. Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza kuwa kiini cha atomu kilikuwa kimepasuka.

Masomo

Kwa kawaida somo hili husomwa kwa kina katika uzamili, baada ya shahada ya kemia. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia. Maabarani, mwanafunzi huvaa kipimamionzi kifuani na kurudia zoezi kwa kemikali zisizo na mionzi mpaka mkono uzoee, ndipo akabidhiwe sampuli nururifu nyuma ya kinga ya risasi.

Matumizi

*Tiba.* Teknetiamu-99m ndiyo inayotumika zaidi katika uchunguzi wa moyo, mifupa na figo. Nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya atomi zake kuoza, ni saa 6, hivyo haiwekwi akiba. Hospitali hupokea chombo chenye molibdeniamu-99, kisha maji ya chumvi hupitishwa humo na kutoka na teknetiamu ya siku hiyo. Iodini-131, yenye nusumaisha ya siku 8, hutibu saratani ya tezi ya shingo. Nchini Tanzania, huduma za tiba ya nyuklia hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

*Mengineyo.* Kaboni-14 hukadiria umri wa masalia ya kale. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima mionzi katika vyakula.

Hali ya sasa

Mahitaji ya wanaradiokemia yanaongezeka kadiri hospitali zinavyofungua idara za tiba ya nyuklia.