Msalaba wa shaba wa Katanga: wa kale na wa kuigwa

Msalaba wa shaba wa Katanga ni kipande cha shaba nyekundu kilichomiminwa kwenye kalibu, chenye mikono minne inayokaribia kulingana. Kusini-mashariki mwa Kongo na katika sehemu za Zambia ulitumika kama akiba ya madini, kama mahari, kama kodi ya mtemi na, kwa vipindi fulani, kama fedha. Wabelgiji waliuita croisette. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyepita nchi ya Waluba mnamo 1874 na 1875, aliandika kwamba wenyeji waliuita handa. Umbo lake halina uhusiano na Ukristo. Lilikuwapo karne nyingi kabla mmisionari yeyote hajakanyaga Katanga, ingawa wauzaji wa leo hawaoni haja ya kumsahihisha mteja anayedhani vinginevyo.

Misalaba inayouzwa sasa ni ya namna mbili. Ipo iliyomiminwa zamani, ikazikwa na maiti au ikafichwa ndani ya chungu, kisha ikafukuliwa. Na ipo iliyomiminwa juzi na fundi wa mjini. Wakusanyaji hubishana sana juu ya ipi inastahili fedha yao, na ubishi wao una kasoro moja ambayo makala haya yataieleza.

Nchi yenyewe

Anayetoka Likasi kwenda Kolwezi hupita Mulungwishi, mahali panapojulikana kwa misheni ya Wamethodisti iliyofungamana na jina la askofu John Springer, na kwa Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga. Mgeni huona miti na madarasa. Mtu wa shaba hutazama vilima, kwa kuwa Mulungwishi imekaa katikati ya ukanda wa madini, Kambove upande mmoja na Fungurume upande mwingine. Katika ukanda huu kilima chenye shaba nyingi hakioti msitu. Udongo wake ni sumu kwa miti, hivyo huvaa nyasi na maua machache yaliyozoea sumu hiyo. Mojawapo ni Haumaniastrum katangense, mmea mdogo ambao wataalamu kama François Malaisse waliuchunguza kwa miaka mingi. Mmea huo hauoti juu ya miamba ya shaba peke yake. Huota pia pale watu wa kale walipoyeyusha shaba na kuacha takataka za tanuri, kwa hiyo wanaakiolojia wamewahi kufuata ua ili kufikia mahali pa kazi ya wahunzi waliokwisha kusahauliwa. Kabla ya kuuliza msalaba fulani una umri gani, inafaa kukumbuka kwamba huko ardhi yenyewe imetunza kumbukumbu ya tanuri, na kumbukumbu hiyo husomeka tu mradi hakuna aliyeivuruga kwa jembe.

Jinsi ulivyotengenezwa

Uyeyushaji ulikuwa kazi ya kiangazi, baada ya mavuno, maji ya mashimo yanapopungua na kuni kukauka. Malakiti, lile jiwe la kijani, lilichimbwa, likapondwa na kuchaguliwa kwa mkono. Tanuri zilijengwa kwa udongo wa vichuguu, ambao hustahimili moto kuliko udongo wa kawaida, na mivukuto ya ngozi ilipuliza hewa kwenye makaa. Shaba ya kwanza ilitoka na uchafu, ikayeyushwa tena, ndipo ikamiminwa. Mafundi walioshika siri za kazi hii, hasa miongoni mwa Wasanga, waliitwa walaji wa shaba. Askofu Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne aliandika makala mashuhuri kuwahusu mnamo 1926. Jina hilo wageni wengi wamelielewa vibaya: kula shaba ni kuishi kwa shaba, kama mtu anavyokula mshahara.

Kalibu ilikuwa wazi juu. Jambo hili dogo ndilo linaloeleza sura ya msalaba wa kale kuliko jingine lolote. Upande uliogusa kalibu hufuata umbo la fundi, na mara nyingine huwa na mgongo ulioinuka katikati ya mikono. Upande uliotazama hewa huwa na makunyanzi, vishimo vya mapovu na bonde pale shaba iliposinyaa ikipoa. Cameron aliiona misalaba yenye mgongo huo. Alikadiria uzito wake kuwa ratili mbili na nusu hadi tatu, yaani kilo moja na zaidi kidogo, na akasema wachukuzi waliifunga kwenye ncha za mti na kuibeba begani.

Misalaba ya Cameron ilikuwa ya mwisho wa historia ndefu. Mnamo 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendelea na kazi hiyo. Makaburi ya kipindi cha Kisale, takriban karne ya 8 hadi ya 13, yana vyombo vizuri vya udongo na mapambo ya shaba, lakini misalaba ni michache. Katika kipindi kilichofuata misalaba huongezeka, na jambo la ajabu linatokea: inazidi kuwa midogo na kufanana, hadi mingine haifiki hata urefu wa kidole gumba. Iliwekwa karibu na mikono ya marehemu, au kifuani, au kiunoni. De Maret aliona humo safari ya kitu cha heshima kikigeuka fedha, kwani kitu kinachohesabiwa lazima kifanane na mwenzake. Shaba yenyewe haikutoka Upemba. Ilitoka migodi ya kusini, zaidi ya kilomita 200.

Ukifuata hoja hii unaona tatizo la neno "asilia". Msalaba ulikusudiwa urudiwe tangu siku ya kwanza. Hakuna uliokuwa wa pekee, na hakuna fundi aliyetia jina. Ulipochakaa au ulipohitajika kuwa bangili au waya, uliyeyushwa. Wayeke wa mfalme Msiri, waliotawala kutoka Bunkeya hadi Msiri alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, walivuta waya na kufua vitu vingi kwa shaba ya nchi hiyo, na hakuna anayeweza kusema ni misalaba mingapi ya mababu iliingia katika tanuri zao.

Pwani ya Waswahili inaufahamu mkasa wa aina hii. Riale ya Maria Theresa, fedha iliyozunguka Zanzibar, Omani na Uhabeshi, ina mwaka 1780 juu yake kwa sababu malkia alifariki mwaka huo, lakini Vienna iliendelea kuipiga bila kubadili tarehe. Roma ilianza kuipiga mnamo 1935, London mnamo 1936, na Bombay wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mfanyabiashara aliyeipokea hakuuliza ilizaliwa wapi. Aliitazama shanga za joho la malkia, akaipima, akaikubali. Mkusanyaji wa leo anatofautisha riale hizo kwa alama ndogo sana za kalibu. Kwa msalaba wa shaba hana hata hizo.

Misalaba ya kisasa

Kiwanda kilizima tanuri za udongo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mnamo 1906, na tangu 1911 shaba ikatoka Lubumbashi kwa tani. Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji, ikapata kiwanda cha Shituru kinachosafisha shaba kwa umeme. Umbo la msalaba lilinusurika kama nembo. Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya rangi ya shaba, na sarafu zake za 1961, za faranga 1 na faranga 5, zilikuwa na msalaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Ile ya faranga 5 ilipigwa pia kwa dhahabu. Kujitenga kulikwisha Januari 1963, lakini nembo haikulala: wapiganaji wa Mai-Mai Kata Katanga walipoingia Lubumbashi tarehe 23 Machi 2013, walikuja na bendera ileile. Kwa hiyo anayening'iniza misalaba mitatu sebuleni mwake na ajue kwamba jirani anaweza kuisoma kwa namna nyingine.

Mafundi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanauza msalaba kwa sura nyingi: umefuliwa juu ya bamba la shaba pamoja na sura ya mwanamke au tembo, umebandikwa kwenye ubao wa malakiti, umekuwa kishikio cha funguo. Wengine huumimina mzima kwenye mchanga, kwa shaba ya mabaki. Msalaba huo wa mwisho, ukiwa umetengenezwa vizuri, ni kazi ya heshima kamili. Fundi anafanya kile alichofanya mlaji wa shaba, ila makaa yake yanapulizwa kwa feni. Ubaya huingia pale mtu wa katikati anapouchukua, akauzika katika udongo wenye chumvi au kuupaka tindikali, akasubiri kutu ya kijani, kisha akaanza kusimulia habari za kaburi la mfalme.

Kutofautisha

Jicho lililozoea huanza na kutu. Kutu ya karne nyingi imeshikana na shaba, ina matabaka, na mara nyingi imemeza chembe za udongo. Ya wiki tatu hukwaruzika kwa ukucha na kuacha wekundu mpya chini yake. Halafu huangaliwa uso wa juu. Msalaba uliomiminwa katika kalibu ya pande mbili, wenye mstari mwembamba wa maungio ukingoni, hauwezi kuwa wa kale. Kingo zilizonyooka mno, au zenye alama za msasa wa mashine, husema zenyewe.

Maabara husaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mionzi ya eksirei huonyesha mchanganyiko wa metali, na shaba iliyosafishwa kwa umeme ni safi kupita ile ya tanuri ya udongo, hivyo usafi wa kupindukia ni ushahidi dhidi ya muuzaji. Lakini shaba haina umri ndani yake, na kaboni hupima makaa au mifupa iliyokuwa karibu na msalaba, si msalaba. Isotopu za risasi, ambazo wachunguzi wa miaka ya karibuni wamezitumia kufuatilia biashara ya shaba ya Afrika ya Kati, huonyesha madini yalitoka eneo gani. Hapo mwigaji wa Katanga ana bahati isiyompata mwigaji wa Ulaya: shaba yake inaweza kuwa imetoka ukanda uleule uliochimbwa na mababu. Na akiyeyusha msalaba wa kale uliovunjika na kuumimina upya, kipimo kitasema kweli tupu huku mnunuzi akidanganyika.

Kasoro ya ubishi wa wakusanyaji iko hapa. Kinachoufanya msalaba wa Sanga uwe na thamani ni kwamba mchimbaji aliandika ulikuwa kwenye mkono gani wa marehemu, chini ya chungu gani, pamoja na mingine mingapi. Ukiondoa maandishi hayo kinabaki kipande cha shaba kisichoweza kueleza chochote ambacho nakala nzuri haiwezi kueleza. Anayenunua msalaba wa kale usio na historia ya mahali ulipotoka hulipia umri tu, na umri wenyewe hauthibitiki. Juu ya hayo humlipa, kwa kupitia mikono kadhaa, mtu aliyefukua kaburi. Sheria ya Kongo inalijua hilo: amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni, na kutoa vitu vya kale nje ya nchi kunahitaji kibali. Mkataba wa UNESCO wa 1970 unaufuata mzigo huo mpakani. Misalaba iliyotoka zamani za ukoloni ikiwa na hati zake huuzwa kihalali Ulaya, na bei yake ni ya wastani, kwani ni mingi. Anayetaka kuiona bila kununua ana jumba la makumbusho la Lubumbashi na lile la Tervuren karibu na Brussels.

Kwa ukuta wa nyumbani, msalaba mpya unatosha na zaidi. Mnunuzi amwombe fundi agonge mwaka wa kazi upande wa nyuma kwa patasi, herufi za jina lake zikifuata. Wengi hukubali mara moja, na fundi anayesita ameshajibu swali ambalo mnunuzi hakuliuliza. Akiwa na nafasi, aulize pia shaba imetoka wapi. Mara nyingi ni nyaya za umeme zilizochunwa mpira, na nyaya hizo zenyewe huenda zilianza safari yao Shituru, mwendo mfupi kutoka benchi zinapoyeyushiwa.