Mfugaji achague nyasi zinazolingana na eneo lake

LISHE ndiyo gharama kubwa zaidi katika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mfugaji anayekuza nyasi bora shambani mwake hupunguza gharama hiyo, ilhali yule asiye na nyasi za kutosha hulazimika kununua lishe hata bei ya maziwa inapokuwa duni.

Hata hivyo, si kila aina ya nyasi humfaa kila mfugaji. Nyasi zinazositawi Kiambu huenda zikakauka Makueni. Kabla ya kupanda, mfugaji anafaa kuzingatia mambo matatu: kiasi cha mvua, mwinuko wa eneo lake, na iwapo nyasi hizo zitakatwa kila siku, zitalishwa malishoni au zitakaushwa na kuhifadhiwa.

Kwa wenye mashamba madogo katika maeneo ya mvua nyingi, mabingobingo, yaani nyasi za Napier, ndizo maarufu zaidi. Hutoa mavuno mengi katika kipande kidogo cha ardhi. Lakini zina maji mengi. Ng'ombe mwenye uzani wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za lishe kwa siku baada ya maji kuondolewa, kiasi ambacho ni sawa na kilo 60 hadi 80 za mabingobingo mabichi.

Wakati wa kukata ni muhimu vilevile. Mabingobingo yanapofikia kimo cha mita moja hivi, huwa bado laini na yenye protini. Yakiachwa hadi yarefuke kupita kiasi, mashina hukomaa na kuwa magumu. Mfugaji huona rundo kubwa, lakini maziwa hupungua.

Hatari nyingine ni maradhi. Tangu miaka ya 1990, ugonjwa wa kudumaa umeharibu mabingobingo magharibi mwa Kenya. Majani hugeuka manjano, mmea hukosa kurefuka kila unapokatwa, na hatimaye hufa. Katika eneo la kati, ugonjwa wa ukungu husababisha mashuke meusi kama masizi. Maradhi yote mawili husambazwa kwa vipando vilivyoambukizwa, kwa hivyo si busara kuchukua vipando vya jirani bila kukagua shamba vilikotoka. Aina ya Kakamega 1 ilichaguliwa na watafiti kwa sababu hustahimili ugonjwa huo wa masizi.

Kwa anayetaka nyasi za kukausha na kufunga marobota, Boma Rhodes huwa chaguo bora katika maeneo ya mwinuko wa wastani. Mashina yake ni membamba na hukauka upesi. Hukatwa zinapoanza kutoa maua. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo shamba lapaswa kulainishwa vyema na mbegu zifunikwe kwa udongo kidogo tu. Wengi hulaumu mbegu ilhali kosa ni kuzifukia mno. Hata hivyo, mbegu zilizoidhinishwa ndizo za kununuliwa.

Katika nyanda za juu zenye baridi, nyasi za Nandi Setaria hustahimili baridi na udongo wenye unyevu mwingi. Nyasi za Kikuyu, zinazotambaa ardhini, hufaa malisho kwa kuwa hazifi upesi zinapokanyagwa.

Brachiaria nazo zina historia ya kipekee. Asili yake ni Afrika, lakini ziliboreshwa Amerika ya Kusini, ambako zimeenea katika mashamba makubwa ya ng'ombe wa nyama, kabla ya aina zilizoboreshwa kurejeshwa Kenya. Hustahimili kiangazi kuliko mabingobingo na majani yake ni laini. Udhaifu wa baadhi ya aina hizo ni kushambuliwa na utitiri mwekundu wakati wa ukame.

Maeneo kame kama Kajiado, Kitui na Makueni yanahitaji nyasi za kiasili zilizozoea mvua haba, kama vile Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba. Mavuno yake si mengi kama ya mabingobingo, lakini hubaki hai mvua inapokosekana. Umuhimu wake ulidhihirika katika ukame ulioanza mwaka 2020 na kudumu hadi mwanzoni mwa 2023, ambapo zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa nchini.

Aina yoyote itakayochaguliwa, nyasi pekee hazitoshelezi mahitaji ya protini ya ng'ombe anayetoa maziwa mengi. Mimea ya jamii ya kunde kama desmodiamu ikipandwa pamoja nazo huongeza protini na kurutubisha udongo. Samadi nayo yapaswa kurejeshwa shambani, kwa maana nyasi zinazokatwa kila mara humaliza rutuba.

Aidha, ni hatari kutegemea aina moja pekee. Mwenye ekari moja anaweza kujaribu aina mpya katika robo yake, apime mavuno kwa misimu miwili na kulinganisha maziwa anayopata na pesa alizotumia. Ziada ya msimu wa mvua ikaushwe au ihifadhiwe kama saileji, kwani akiba haiozi, na kiangazi ndicho kipindi ambacho mfugaji asiye na nyasi huuza ng'ombe wake kwa bei ya kutupa.