Makondakta Wasio na Mshahara

Watu wengi wakisikia neno makumbusho hufikiri nyumba yenye makabati ya vioo, ambamo vitu vya kale vimewekwa kimya wala haviguswi. Walakini huko Uingereza, katika kijiji cha Crich, jimbo la Derbyshire, yako makumbusho ya namna nyingine. Humo vitu vya kale huenda, tena huchukua watu, na wengi wa wale wanaoviendesha hawapati hata senti moja. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, kwa kuwa zaonyesha jinsi elimu ya kazi inavyoweza kupotea, na jinsi inavyookolewa.

Kwanza yatupasa kueleza tramu ni nini. Ni gari la abiria liendalo juu ya reli zilizolazwa katika barabara za mji. Hapo mwanzo magari hayo yalivutwa na farasi: New York walikuwa nayo mwaka 1832, na Birkenhead, Uingereza, mwaka 1860. Lakini farasi huchoka upesi, naye hula hata siku asiyofanya kazi. Basi mwaka 1881 Werner von Siemens aliendesha gari kwa nguvu za umeme huko Lichterfelde, karibu na Berlin, na baadaye miji mingi ya Ulaya ikafuata.

Katika gari walikuwamo watumishi wawili, dereva na kondakta. Kazi ya kondakta haikuwa kupokea nauli tu. Dereva alitazama mbele, na kondakta ndiye aliyekuwa macho yake nyuma. Akipiga kengele mara moja, maana yake simama. Mara mbili, nenda. Mara tatu, gari limejaa. Mara nne, pana hatari. Tikiti aliitoboa kwa mashine ndogo iliyolia kila ilipotoboa, na vile vipande vya karatasi vilibaki ndani yake, ili wakubwa wake wapate kuvihesabu na kuvilinganisha na fedha aliyoileta. Hata gari lilipofika mwisho wa njia, halikugeuzwa. Kondakta aliuzungusha ule mti mrefu wa juu ya paa, uletao umeme kutoka katika waya, kisha akageuza migongo ya viti ili abiria watazame mbele. Wakati wa vita ya 1914 hata 1918, wanaume walipokwenda kupigana, wanawake waliishika kazi hii wakaiweza. Vita ilipokwisha wengi wao waliondolewa, na vita ya pili ilipokuja wakaitwa tena.

Baada ya hayo mabasi yakashinda. London waliacha tramu zao za zamani mwaka 1952, Sheffield mwaka 1960, na Glasgow mwaka 1962. Magari mengi yalichomwa moto au kuvunjwavunjwa ili vyuma viuzwe.

Lakini mwaka 1948 wapenzi wachache wa tramu walikwenda Southampton, wakasikia ya kuwa magari yake ya kale yatavunjwa. Wakanunua moja, namba 45, lililojengwa mwaka 1903, kwa pauni 10. Gari hili halina paa juu, na viti vyake vya juu vimewekwa chini sana, ili abiria wapite salama chini ya tao la lango la kale la mji liitwalo Bargate. Kulinunua kulikuwa rahisi; kulipatia makao ndiyo taabu. Mwaka 1955 wakaunda chama, na mwaka 1959 wakapata machimbo ya mawe huko Crich, ambayo zamani yalikuwa na reli ndogo iliyojengwa na George Stephenson. Wakaanza kulaza reli kwa mikono yao wenyewe, siku zao za mapumziko. Mwaka 1963 waliendesha gari kwa farasi, na mwaka 1964 kwa umeme.

Yuko atakayesema, Huu ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sisi hatukubali. Kitabu chaweza kutuonyesha sura ya gari, walakini hakiwezi kuufundisha mkono wakati wa kupiga kengele, wala mguu namna ya kusimama gari likipinda huku mtu ahesabu chenji. Elimu hiyo hukaa katika mwili wa mtu, naye akifa hufa nayo. Makondakta wa kwanza wa Crich waliweza kuwauliza wazee waliofanya kazi hiyo mijini. Leo wazee hao karibu wote wamekwisha, na anayejitolea hufundishwa na mtu ambaye naye alifundishwa. Kizazi kimoja kikikosa kupokea, magari yatabaki, lakini yatakuwa mbao na chuma tu. Ndiyo sababu ajaye kujitolea hapewi kengele mara moja, bali hufundishwa kwanza na kupimwa.

Wazee wetu husema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Manchester walirudisha tramu mwaka 1992, na Sheffield mwaka 1994, baada ya miaka 34. Iliwalazimu kulaza reli mpya kwa gharama kubwa katika mji ambao wazee wao walikuwa wameziondoa zile za kwanza.

Nasi tusidhani ya kuwa jambo hili ni la Wazungu peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mombasa palikuwa na vigari vidogo juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kati ya mji na Kilindini. Picha zake zipo, na ndani yake twawaona waliokaa na waliosukuma. Lakini picha haisemi wasukumaji walikizuiaje kigari mteremkoni, wala walipishanaje na wenzao. Hayo walikuwa wakiyajua wao.

Basi, ninyi walimu wenzetu, zipo kazi katika miji na vijiji vyetu ambazo zimebaki mikononi mwa wazee wawili au watatu tu. Kuziandika ni kwema, lakini hakutoshi. Wapelekeni vijana wakazifanye pamoja nao, maadamu wazee wangaliko.