Rehani, pepo na mzimu: majani ya jikoni na mkazi asiyeonekana

Rehani ni majani yanukiayo ya mmea uitwao mrehani. Ndugu yake mwenye harufu kali ni kivumbasi (wingi: vivumbasi), aghalabu huota porini na kando ya nyumba. Makala haya yanaeleza jinsi majani hayo yanavyohusishwa na viumbe wasioonekana wakaao nyumbani, na jinsi ya kuwataja viumbe hao bila kupotosha maana.

ASILI YA NENO
Rehani limetokana na neno la Kiarabu rayhan, linalowekwa katika mzizi r-w-h pamoja na ruh (roho) na rih (upepo). Kiswahili nacho kina ukoo wa namna hiyo: pepo na upepo ni wa shina moja. Lugha mbili zisizo na nasaba moja zimekubaliana kwamba kiingiacho nyumbani bila kuonekana, kiwe harufu, upepo au roho, ni cha jamaa moja.

Isichanganywe na rehani yenye maana ya dhamana ya mkopo, iliyotokana na rahn. Linganisha:
(a) Bibi ameweka nyumba rehani. (Anadaiwa.)
(b) Bibi ameweka nyumbani rehani. (Nyumba inanukia.)

MATUMIZI YA PWANI
Kanuni ni nyepesi: harufu njema hukaribisha, harufu kali hufukuza. Rehani hufungwa pamoja na asumini katika kikuba cha mwanamke. Udi na ubani hufukizwa ili kumwita pepo katika ngoma za kupunga. Kivumbasi huwekwa ndani kufukuza mbu, na wengi huamini kwamba majini nao hawakivumilii.

MATUMIZI YA BUHAYA
Huko Kitendaguro, Bukoba, na kwingineko Buhaya, jambo hili lina sura nyingine. Buni huchemshwa pamoja na majani yanukiayo, hukaushwa, kisha hutafunwa. Mgeni hukaribishwa kwayo. Katika desturi ya kale, omuzimu (wingi: emizimu), yaani roho ya mzee wa ukoo aliyefariki, naye alitengewa kahawa na rubisi. Alikuwa mwenyeji aliyegeuka mgeni katika nyumba yake mwenyewe, na kama mgeni yeyote, aliweza kununa akisahauliwa. Huyu hafukuzwi kwa majani. Majani ni sehemu ya takrima yake.

UPATANISHO WA KISARUFI
• mzimu / mizimu (u-/i-): Mzimu umekasirika; mizimu imetulizwa. Neno hili hufuata umbo lake, ingawa linataja kilicho hai katika imani. Omuzimu wa Kihaya nao umo katika ngeli hiyo hiyo. Kuzimu na wazimu ni wa shina hili.
• pepo (a-/wa-): Pepo amempanda. Pepo yenye maana ya makazi ya wema baada ya kufa ni neno jingine kimatumizi: Pepo ina milango.
• jini / majini (a-/wa-): Jini amehama.
• shetani / mashetani (a-/wa-): Shetani amemdanganya.

TANBIHI KWA MFASIRI
Maneno haya manne hayabadilishani nafasi. Mzimu ana ukoo. Jini na pepo hutoka nje ya ukoo. Shetani, katika lugha ya dini, ni adui. Mfasiri anayeandika “walimpa shetani kahawa” mahali palipotajwa omuzimu amemgeuza babu wa watu kuwa ibilisi, na msomaji wa Kitendaguro atahisi kosa hilo kabla ya kulieleza. Sema: “Waliutengea mzimu wa babu kahawa.”

Kipimo hiki hufaa hata kwa ngano za mbali. Domovoi wa Warusi, akaaye nyuma ya jiko na kutengewa chakula, mara nyingi huelezwa kuwa mzee wa ukoo. “Mzimu wa nyumba” humfaa kuliko “jini”. Tulasi, mmea wa jamii ya mrehani unaoheshimiwa katika nyumba za Wahindu, ni mungu wa kike. Kumwita pepo ni kumshusha hadhi. Kabla ya kuchagua neno, uliza: kiumbe huyu ni nani kwa watu wa nyumba ile, na je, majani yale yanamkaribisha au yanamfukuza?