Miaka 40 ya Mapango ya Marble Arch: Historia Fupi ya Hifadhi ya Nchi Mbili

Nimeombwa niandike ukurasa mmoja kuhusu mapango yetu, ambayo mwaka 2025 yalitimiza miaka 40 tangu yafunguliwe kwa umma. Ukurasa mmoja haunitoshi hata kumaliza habari za mwaka 1895, kwa hiyo mnivumilie. Mimi ni mzaliwa wa Gilgil, Kenya, na kwa misimu mingi nimeongoza wageni chini ya ardhi ya Fermanagh, Ireland ya Kaskazini. Anayependa, haoni kasoro. Zangu mtaziona wenyewe.

Tuanze na jina, maana linadanganya. Marble Arch maana yake ni tao la marumaru, lakini marumaru hapo hakuna. Ni tao la mawe ya chokaa, lililobaki limesimama baada ya paa la pango kuporomoka, na chini yake Mto Cladagh unatoka gizani ukiwa baridi kama barafu. Chokaa hiyo ilitandikwa sakafuni mwa bahari yenye joto yapata miaka milioni 340 iliyopita, wakati kipande hiki cha dunia kilikuwa karibu na mstari wa ikweta. Siku za baridi kali huwa nawaambia wageni kwamba mawe haya yalizaliwa kwetu. Hucheka. Mtaalamu wa jiolojia akiwemo kundini, hacheki.

Juu ya chokaa umekaa Mlima Cuilcagh, mita 665, uliofunikwa na miamba ya mchanga na ya tope lililogandamana. Miamba hiyo hainywi maji. Mvua ikishuka, hutiririka mteremkoni hadi inapokutana na chokaa, na hapo mito inamezwa. Mitatu kati yake, Owenbrean, Aghinrawn na Sruh Croppa, inapotea kila mmoja mahali pake, halafu inakutana chini ya ardhi na kutoka kama mto mmoja, huo Cladagh. Wenyeji walijua siku zote kwamba maji yanayoingia kule ndiyo yanayotokea huku. Hakuna aliyewahi kwenda kuyaona yakikutana.

Aliyekwenda ni Mfaransa. Édouard-Alfred Martel alikuwa mwanasheria kwa kazi na mtu wa mapango kwa moyo. Alifika kiangazi cha 1895 akiandamana na Lyster Jameson, kijana wa Dublin aliyependa kuchunguza viumbe, ambaye baadaye alijulikana kwa utafiti wa jinsi lulu inavyoumbika ndani ya chaza. Walikuwa na mishumaa, vipande vya magnesiamu vya kuwasha, na mashua ya turubai ya kukunja. Hebu fikirini: mashua ya nguo, ndani ya mto usiojulikana mwisho wake, gizani, na mwanga wenyewe ni wa kuzimika kwa tone moja la maji. Wakapiga kasia hadi mahali mito inapounganika, na magnesiamu ilipowaka wakaona kile ambacho jicho la binadamu halikuwa limekiona. Kila ninapofika hapo na kundi langu huwaomba wanyamaze kidogo, tusikie maji tu. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama Martel aliogopa. Nikamwambia asiyeogopa mahali kama pale hana akili, na Martel akili alikuwa nazo: tarehe 1 Agosti mwaka huohuo alikuwa kule Yorkshire, akiteremka kwa ngazi ya kamba ndani ya shimo la Gaping Gill, mtu wa kwanza kufika chini yake.

Baada yao walikuja wanachama wa Yorkshire Ramblers' Club, wakachora ramani na kugundua vyumba zaidi. Wanastahili zaidi ya sentensi hizi mbili, nami nawaomba radhi.

Siwezi kuruka kasri la Florence Court, jirani yetu, ingawa wenzangu watasema natoka nje ya mada. Bwana wake mmoja, William Willoughby Cole, Earl wa tatu wa Enniskillen, alikuwa mpenzi mkubwa wa visukuku vya samaki, na mkusanyiko wake uko London hadi leo. Kutoka ukoo huohuo alitoka Lady Florence, aliyeolewa na Lord Delamere, mlowezi mkubwa wa Kenya, na ndugu yake Galbraith Cole, aliyechukua ardhi kando ya Ziwa Elmenteita, kwetu kabisa. Mwaka 1911 Galbraith alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kwa wizi wa kondoo, naye akafa. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, likamwona hana hatia. Serikali ikamfukuza nchini, na baadaye akarudi. Habari hiyo hamtaikuta kwenye vipeperushi vya watalii. Mimi niliijua kabla sijajua kwamba Fermanagh ipo duniani.

Sasa mapango. Mwaka 1982 Halmashauri ya Wilaya ya Fermanagh ilianza kazi ya kuyatayarisha kwa wageni. Nyakati zilikuwa ngumu, barabara nyingi za mpakani zimefungwa, na watalii hawakuwa na haraka ya kuja. Ilikuwa enzi ya mapigano ya Ireland ya Kaskazini; sitaingia humo. Kuna watu walioonekana wamerukwa na akili kwa kutia saruji na nyaya za umeme ndani ya pango wakati kama ule, na hao ndio ninaotaka kuwashukuru. Mafundi walipofika penye maji yaliyoziba njia hawakujenga daraja. Walizamisha njia yenyewe, wakaizungushia kuta, na leo mgeni anapita mkavu huku maji yamesimama kulia na kushoto kwake. Wenyeji, wasomaji wa Biblia, waliiita Njia ya Musa siku ileile. Tarehe 29 Mei 1985 milango ikafunguliwa. Watu walipanda mashua, wakateleza juu ya mto wa chini, wakaona stalaktiti ya zaidi ya mita 2 ikining'inia, wakatoka wakiwa na la kusimulia. Mwaka 1987 bomu liliua watu mjini Enniskillen, siku ambayo hadi leo haitajwi kwa sauti kubwa. Mapango hayakufungwa daima, na hilo nalo ni la kushukuru.

Kisha maji yakaanza kutusumbua. Mto ulipanda ghafla, mara nyingi kuliko zamani, na wageni wakarudishwa langoni. Jibu lilikuwa mlimani. Cuilcagh imevikwa mboji, udongo mweusi wa majani yaliyooza nusu, ambao watu wa huku huukata na kuukausha kuwa kuni. Walipokuwa wakiukata kwa jembe, mlima ulistahimili. Mashine zilipoingia, mboji iliyokuwa ikinywa maji kama sponji ikachanika, na mvua ikashuka yote kwa pamoja. Palikuwa na maneno wakati ule, ila tulielewana, na mwaka 1998 ikaanzishwa Hifadhi ya Mlima Cuilcagh. Mifereji ikazibwa, mboji ikaanza kunywa tena.

Kilele cha mlima huo kiko juu ya mpaka wenyewe. Kusini ni Kaunti ya Cavan, Jamhuri ya Ireland, na huko kuna kidimbwi cha Shannon Pot, chimbuko la mto mrefu kuliko yote Ireland. Hadithi husema binti aitwaye Sionnann alikwenda kutafuta hekima iliyokatazwa, kisima kikafurika na kumchukua, ndiyo asili ya jina la mto. Watafiti, wao, walimwaga rangi katika mashimo ya Pigeon Pots, upande wa Fermanagh, nayo ikatokea Shannon Pot. Maji yalikuwa yakivuka mpaka bila pasipoti tangu kabla mpaka haujachorwa. Ilipofika mwaka 2008, Halmashauri ya Kaunti ya Cavan ikaungana na Fermanagh, na jiopaki yetu, yaani hifadhi ya urithi wa jiolojia, ikawa ya kwanza duniani kuvuka mpaka wa nchi.

Mengine nayapitia haraka, mhariri ananidai. 2001: tulipokelewa katika mtandao wa jiopaki za Ulaya. 2004: mtandao wa dunia. 2015: UNESCO ikazitambua rasmi jiopaki 120 kwa mpigo mmoja, sisi tumo, mwaka huohuo njia ya mbao ya Cuilcagh ikakamilika, mitandao ya kijamii ikaiita ngazi ya mbinguni, magari yakazidi nafasi, majirani wakavumilia. 2016: kura ya Uingereza kujitoa Ulaya, tukaendelea. 2018: Ngorongoro Lengai ya Tanzania ikajiunga na familia, na siku hiyo nilinunua keki kwa pesa zangu. 2020: korona. Kisha jina jipya, Cuilcagh Lakelands, ambalo ulimi wangu bado unalizoea.

Nawashukuru wapiga kasia wote, mafundi wa taa, waliobeba mbao mgongoni hadi mlimani, na mama wa chai wa Blacklion, upande wa Cavan, ambaye, daraja moja tu kutoka Belcoo ya Fermanagh, hupokea pauni na euro katika kopo lilelile. Mkija, pigeni simu asubuhi. Mvua ikiwa imenyesha usiku Cuilcagh, huenda tusiteremke.