Kirusi, Batobato na Michirizi: Historia Fupi ya Istilahi za Maradhi ya Mimea

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mtafsiri mara kwa mara ni vijitabu vya kilimo, na humo hapana jina linalotaabisha zaidi kuliko la kile kisababishi cha maradhi ambacho si mdudu, si ukungu, wala si bakteria.

Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alionyesha kwamba utomvu wa tumbaku iliyougua huendelea kuambukiza hata baada ya kupitishwa katika chujio lizuialo bakteria. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alifikia matokeo kama hayo, akakiita kiambukizi hicho kwa neno la Kilatini, virus, ambalo maana yake ya asili ni sumu. Kiswahili hakikuchukua maana hiyo, kilichukua sauti. Neno lilipotamkwa virusi, silabi yake ya kwanza ilisikika kama kiambishi cha wingi, na umoja ukazaliwa wenyewe: kirusi. Ndivyo neno la Kiarabu kitabu lilivyopata vitabu. Wapo wanaotabasamu kwa kuwa Kirusi ni lugha ya Warusi, nchi ya Ivanovsky mwenyewe, lakini herufi kubwa na muktadha vyatosha kuondoa utata. Waandikao “virusi hii” wanakikatalia Kiswahili haki yake ya kumeza neno na kulipa ngeli.

Majina ya maradhi yenyewe yana historia ndefu zaidi hapa nchini. Mwaka 1894 Otto Warburg aliandika juu ya ugonjwa wa muhogo katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, akauita kwa Kijerumani Kräuselkrankheit, yaani ugonjwa wa kujikunja. Waingereza waliokuja baadaye walitazama rangi badala ya umbo, wakaufananisha na nakshi ya vijiwe vya rangi mbalimbali. Mkulima wa Kiswahili ana batobato. Nalipenda neno hili: kujirudia kwake kunachora mabaka yasiyolingana, kama ilivyo katika madoadoa na marakaraka, wala halihitaji maelezo.

Neno la pili halikubahatika hivyo. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, H. H. Storey alieleza mwaka 1936 ugonjwa mwingine wa muhogo, akautenga na batobato. Jina alilolitumia lilitokana na alama za rangi ya kahawia kwenye shina, nasi tumelitafsiri michirizi ya kahawia. Tafsiri ni aminifu, ila hasara haiko kwenye shina. Iko chini ya udongo, ambako mizizi huoza ukavu na kuwa na rangi ya kahawia, ilhali majani yaweza kuonekana mazima. Mkulima asiyeiona michirizi hudhani shamba lake limesalimika mpaka siku ya kuvuna.

Jambo hili si la kamusi tu. Huko Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, watu hutegemea muhogo pamoja na michikichi, na ugali wa muhogo huliwa kwa dagaa na migebuka ya ziwani. Mlipuko wa batobato kali, ulioanzia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, ulifika Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha ukaingia Kigoma. Jani lililokunjamana na kupoteza ukijani hupunguza usanisinuru, na mizizi hubaki myembamba. Sasa, kijitabu kikimwambia mkulima kwamba muhogo wake “umeingiwa na wadudu”, atatafuta dawa ya kunyunyiza, na fedha itapotea bure. Ni kweli inzi weupe huueneza ugonjwa. Lakini njia kubwa nyingine ni mkono wa mkulima mwenyewe, anapokata pingili za mbegu kutoka katika mmea mgonjwa. Neno kirusi, likielezwa vizuri, humpeleka kwenye mbegu.

Katika pilipili kosa hilo ni baya zaidi. Virusi kadhaa vya pilipili huenezwa na vidukari, nao waweza kuambukiza mmea kwa kuufyonza muda mfupi mno, kabla dawa haijawaua. Mmea hudumaa, majani hujikunja na kuwa na mabaka, maua hupukutika, na matunda machache yanayobaki huwa madogo yaliyopindika. Kuna na kirusi cha batobato ya tumbaku, kile kile cha Ivanovsky, ambacho hushambulia pilipili pia, na hakihitaji mdudu hata mmoja: husafiri kwa mikono na zana.

Kwa hiyo mtafsiri aandike wadudu pale tu anapowakusudia inzi weupe au vidukari, na kirusi kwa kile wanachokibeba. Kuhusu michirizi ya kahawia, napendekeza kila inapotajwa kwa mara ya kwanza iongezewe maneno “na kuoza kwa mizizi”, hata kama sentensi itarefuka.